Askari wa Udongo wa Jenfeld

Ukitaja Jenfeld, mtaa wa jiji la Hamburg, Ujerumani, mbele ya wenyeji wake, wengi watakusimulia habari za maghorofa na mabasi yanayojaa asubuhi. Mimi nikisikia Jenfeld nawaona askari. Sisemi askari wa Kijerumani. Nasema wanaume wa kwetu, wa nchi ambayo leo ni Tanzania, waliofinyangwa kwa udongo, wakachomwa, wakasimamishwa ndani ya kambi ya jeshi la Hitler mwaka 1939. Wengi wa Watanzania ninaokutana nao hapa Hamburg hawajui kwamba wapo. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Nimezaliwa Nyangao, mkoani Lindi, na kazi yangu huku ni kuhudumia wazee. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ninaitazama kambi hii kutoka upande gani. Nyangao ni jirani na Mahiwa, na Mahiwa ndipo mtu aliyepewa heshima ya jina la kambi hii, jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, alipopigana mapambano makali kuliko yote ya vita vyake. Huku Ujerumani wakamjengea kuta. Kwetu yakabaki masimulizi ya bibi zetu, ya jioni, mahindi yakipukuchuliwa.

Kambi ilijengwa katikati ya miaka ya 1930. Wakati ule Jenfeld ilikuwa sehemu ya Wandsbek, na Wandsbek ulikuwa mji wa peke yake chini ya Prussia. Hamburg iliumeza mwaka 1937, sheria mpya ilipounganisha miji ya jirani kuwa jiji moja kubwa. Mwaka 1935 Hitler alikuwa amerudisha utumishi wa lazima jeshini, kinyume kabisa na Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, na vijana wote wale walihitaji mahali pa kulala, pa kula na pa kufundishwa vita. Miji mingi ya Ujerumani ina majengo ya namna ileile kutoka miaka ile: mabweni marefu, madirisha yaliyopangwa kwa mistari, uwanja wa gwaride katikati. Ukiona kambi moja, umeziona nyingi.

Kilichoitofautisha Jenfeld ni vichwa vilivyowekwa kwenye kuta za mabweni yake. Vilikuwa sura za udongo wa kuchoma, sura za maafisa wa kikoloni, ili kila mwanajeshi anayeingia kulala aone ni nani wa kumwiga.

Mmoja wao ni Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa mwaka 1889 kuwavunja watu wa pwani waliokataa kutawaliwa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Jeshi ambalo Wissmann alikuja nalo lilikuwa na mamia ya Wasudani walioandikishwa Misri, pamoja na wanaume kutoka Msumbiji, na hapo ndipo habari ya askari wa Wajerumani ilipoanzia. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine waliingia baadaye.

Mwingine ni Lothar von Trotha. Jina hili Wanamibia wanalijua vizuri kuliko sisi, ingawa aliwahi kuamuru majeshi hata kwetu katika miaka ya 1890. Tarehe 2 Oktoba 1904 alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Waliokimbia walisukumwa jangwani Omaheke wakafa kwa kiu. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilitamka wazi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Na sura ya mtu huyo ilitazama vijana wakipita, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa kazini usiku. Mtu halazimiki kukufundisha chuki darasani, akiweza kukulaza chini ya jina lake.

Wa tatu ni mwenye kambi mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, na alikuwa bado hai. Kambi ikaitwa Lettow-Vorbeck-Kaserne.

Sasa niseme juu ya mtu huyu, maana bila yeye kambi haieleweki. Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870. Alikuwa Namibia chini ya von Trotha wakati wa maangamizi ya Waherero. Januari 1914 alishuka Dar es Salaam kuwa mkuu wa majeshi ya koloni, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Ulaya mwezi Agosti, gavana Heinrich Schnee hakutaka vita vifike Afrika Mashariki. Lettow-Vorbeck alivitaka. Alijua hawezi kuwashinda Waingereza, lakini alikusudia kuwashughulisha huku ili wasipeleke askari wao Ulaya. Novemba 1914 alilitimua Tanga jeshi kubwa lililoletwa kutoka India. Baada ya hapo ikawa ni kukimbizana: kutoka Kilimanjaro hadi Morogoro, hadi Rufiji, hadi kwetu Lindi, halafu kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwisho Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, alikabidhi silaha mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Alikuwa amebaki na Wazungu 155 na askari 1,168, mbali na wapagazi na wanawake waliokuwa wakifuatana nao.

Huku Ujerumani walimpokea kama bwana harusi. Machi 1919 alipita na watu wake chini ya lango la Brandenburg jijini Berlin, watu wakishangilia jenerali asiyeshindwa. Nchi iliyokuwa imepoteza kila kitu ilihitaji mtu mmoja wa kujivunia, na ikampata huyu.

Tukae kidogo Mahiwa, maana hapo nina haki ya kukaa. Oktoba 1917, kwa siku nne, majeshi mawili yalisagana kati ya Nyangao na Mahiwa. Kwa upande wa Waingereza walikuwamo askari wa kutoka Nigeria na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Kwa upande wa Wajerumani, askari wa kwetu. Yaani Waafrika waliuana kwa amri za Wazungu wa pande mbili, kwenye mashamba ya Wamwera ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao. Mwaka huohuo Lettow-Vorbeck alipandishwa cheo kuwa jenerali.

Vitabu vingi vya vita vile huhesabu risasi na mizinga. Bibi yangu alihesabu vihenge. Jeshi lililopita lilikula, na lililofuata lilikula kilichobaki, na kilichoshindikana kuliwa kilichomwa moto kisimfae adui. Wanaume walichukuliwa mashambani wakabebeshwa mizigo. Babu wa bibi alikuwa mmoja wao. Alipewa sanduku la risasi, akafungamana na msafara ulioelekea Ruvuma, na ndivyo habari yake inavyoishia katika ukoo wetu. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna mtu aliyekuja kusema nilimwona amekufa mahali fulani. Mke wake alimngoja hadi akazeeka.

Hali hiyo haikuwa ya ukoo mmoja. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, kwa pande zote mbili, kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Ugogo walipata ile njaa waliyoiita Mtunya. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ilikuja kumalizia waliokuwa wamedhoofika.

Turudi Hamburg. Jina la Lettow-Vorbeck halikuwa geni hapa hata kabla ya kambi. Mwaka 1919 watu wa jiji hili, wakiwa na njaa ya baada ya vita, waligundua kiwanda kilichokuwa kikitengeneza chakula kwa nyama iliyooza, wakainuka kwa hasira. Tarehe 1 Julai 1919 Lettow-Vorbeck aliingia Hamburg na maelfu ya wanajeshi kuwanyamazisha. Mwaka uliofuata alijiunga na maafisa waliojaribu kuipindua serikali ya kidemokrasia, jaribio lile la Kapp lililoshindwa, akapoteza kazi yake jeshini. Basi Wanazi walipomchagua awe jina la kambi, walikuwa wanamchagua mtu aliyekwisha kuonyesha anasimama wapi, Afrika na hata nyumbani kwake.

Mwaka 1939 zilizinduliwa zile sanamu mbili kubwa za ukutani zilizonifanya niandike. Aliyezifinyanga ni Walter von Ruckteschell, mchoraji na mchongaji aliyekuwa Afrika Mashariki vita vilipoanza, akawa afisa chini ya Lettow-Vorbeck. Alituona kwa macho yake. Hilo linajulikana ukizitazama sanamu, na ndilo linaloniumiza. Nyuso si za kubuni. Mkono wake ulikuwa hodari, na hakutuchora kwa dhihaka kama walivyofanya wengi wa wakati wake. Sanamu moja inaonyesha askari wakifuata Mjerumani aliyewatangulia. Nyingine inaonyesha wapagazi na mizigo yao. Wanatembea wote kwa hatua moja, kimya, wametulia, kana kwamba walizaliwa kufuata.

Hakuna aliyekonda. Hakuna anayeugua. Hakuna anayetoroka, ingawa askari walitoroka kwa wingi kadiri vita vilivyozidi kuwa virefu, na wengine waliishia upande wa Waingereza. Hakuna mwanamke mwenye kihenge kitupu. Unaloliona ni utii tu, na utii huo ulikuwa na kazi yake mwaka 1939. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yote baada ya vita, na chama cha Nazi kilikuwa na ofisi yake ya siasa za makoloni tangu mwaka 1934, chini ya Franz Ritter von Epp, naye mtu wa vita vya Namibia. Hoja yao ilikuwa kwamba Waafrika waliwapenda Wajerumani na wanawangoja warudi. Askari mwaminifu alikuwa ushahidi wao. Kwa hiyo wanaume wale wa udongo hawakuwekwa pale kuheshimiwa. Waliwekwa kumwambia kijana wa Kijerumani aliyekuwa karibu kupelekwa vitani: hata Mwafrika alimfuata kiongozi wake hadi mwisho, wewe utashindwaje?

Nina uhakika gani kwamba haikuwa heshima? Nina uhakika kwa sababu wakati huohuo, Berlin, alikuwapo askari wa kweli.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani, na vita vilipokuja mtoto naye akaingizwa jeshini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Wakamwambia amechelewa. Alibaki, akafanya kazi ya kuhudumu mezani katika jumba maarufu la starehe, akaoa Mjerumani mwaka 1933, akacheza filamu nyingi kila walipohitaji Mwafrika wa kusimama nyuma ya Mzungu, na chuoni Berlin akafundisha Kiswahili kwa watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kututawala tena. Aliomba nishani ya waliopigana vita, kama alivyostahili mpiganaji yeyote wa Ujerumani. Akanyimwa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Weka miaka hiyo pamoja na miaka ya Jenfeld. Huku askari wa udongo anapewa ukuta. Kule askari mwenye damu na pumzi ananyimwa nishani, kisha mshahara wake unageuka kuwa seli. Mimi sihitaji maelezo zaidi ya mtaalamu yeyote juu ya maana ya sanamu zile.

Mei 1945 Waingereza waliingia Hamburg. Jeshi jipya la Ujerumani ya Magharibi, Bundeswehr, liliundwa mwaka 1955, nalo likaja kukaa Jenfeld, chini ya jina lilelile la Lettow-Vorbeck, na sanamu zilezile. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Lakini Ujerumani ya miaka ile ilikuwa imejifunza kuona aibu juu ya Hitler bila kujifunza kuona aibu juu ya Wissmann. Lettow-Vorbeck alipofariki hapa Hamburg mwezi Machi 1964, waziri wa ulinzi mwenyewe, Kai-Uwe von Hassel, alisimama kumsifu mazishini. Von Hassel alikuwa mzaliwa wa Gare, Usambara, mwaka 1913. Na kambi ya mji wa Leer, kaskazini-magharibi mwa nchi hii, iliendelea kubeba jina la jenerali huyo hadi mwaka 2010.

Katika kazi yangu nilimhudumia mzee mmoja aliyefanya utumishi wake wa jeshi Jenfeld ujanani. Alikuwa mtu mpole, mpenda maua, na kila asubuhi alipenda dirisha lifunguliwe kabla ya chai. Siku alipojua natoka Tanzania alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nimewahi kuwaona wale weusi wa ukutani. Nikamwambia ndiyo. Akasema alipita mbele yao muda wote wa utumishi wake na hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kuwaeleza ni akina nani.

"Tulijua tu kwamba walikuwa waaminifu," akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa."

Nikamweleza habari za Mahiwa. Alisikiliza vizuri, bila kunikatiza, na kwa umri wake hilo si jambo dogo. Halafu akauliza: "Babu yenu alikuwa upande gani?"

"Alikuwa chini ya mzigo," nikamjibu.

Hakunibishia. Tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza mambo: Nyangao iko umbali gani kutoka baharini, Ruvuma una mamba, watu wa kwetu wanawaonaje Wajerumani leo. Nilimjibu yote. Nilimpenda mzee yule, na sioni ajabu kumpenda mtu aliyelala chini ya sura ya von Trotha bila kuambiwa von Trotha alikuwa nani. Lawama yangu haimhusu kijana aliyekuwa yeye. Inawahusu waliojua wakakaa kimya.

Bundeswehr iliondoka mwaka 1999. Hapo ndipo likazuka swali la kuzifanyia nini sanamu. Chama kimoja cha utamaduni cha mtaani, Kulturkreis Jenfeld, kilitaka zihifadhiwe, zitengenezwe na kusimamishwa katika bustani ndogo pembezoni mwa kambi. Bustani ikapewa jina la Tansania-Park. Zilikuwapo pia ndoto za urafiki wa mataifa mawili. Waafrika wanaoishi Hamburg, wanahistoria na wanaharakati walipinga kwa nguvu, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: huwezi kuchukua kazi ya propaganda ya Wanazi, ukaisafisha, ukaipa jina la nchi iliyoteswa, ukaiita urafiki. Septemba 2003 bustani ilizinduliwa. Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Frederick Sumaye, alikuwa anatarajiwa kuhudhuria, na hakuhudhuria. Kwa maoni yangu, kutokuwapo kwake kulisema zaidi ya hotuba ambayo angeitoa.

Kilichofuata ni uzio na lango lililofungwa. Kwa miaka mingi, anayetaka kuwaona askari amelazimika kutafuta mwenye ufunguo au kuwachungulia kwa nje. Nimewachungulia hivyo mimi mwenyewe, nyuma ya chuma, majani yameota miguuni kwao. Naona suluhisho hilo ni baya kuliko yote. Sanamu za namna hii zikibomolewa, angalau watu watabishana. Zikiwekwa wazi na kuelezwa, watu watajifunza. Zikifungiwa, zinabaki na wale tu waliozipenda tangu mwanzo.

Jiji hili linaweza kufanya vizuri zaidi, na limewahi kufanya. Sanamu ya Wissmann iliyosimama Dar es Salaam tangu mwaka 1909 ililetwa Hamburg baada ya vita na kusimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Ikawekwa ghalani. Kisha mwaka 2004 msanii HM Jokinen aliitoa, akaisimamisha bandarini kwa zaidi ya mwaka mmoja, si ili iheshimiwe bali ili watu waulizwe waziwazi: tuifanyie nini? Watu walijibu, walibishana, walikasirika. Ndivyo kitu kama hiki kinavyopaswa kushughulikiwa, mchana, mbele za watu.

Kambi yenyewe sasa karibu hutaitambua. Eneo lake la hekta 35 hivi limegeuzwa kuwa mtaa wa makazi uitwao Jenfelder Au. Baadhi ya majengo ya zamani yamebaki yakakarabatiwa, na katikati yake zimeota nyumba mpya zenye bustani, watoto na baiskeli. Wahandisi wanausifu mtaa huu kwa jambo ambalo sikulitarajia, yaani vyoo. Vinafyonza kwa mvuto wa hewa, kama vya ndege, na hutumia lita moja hivi ya maji badala ya sita au tisa. Kinachofyonzwa husafirishwa peke yake, bila kuchanganywa na maji ya kuogea wala ya mvua, kisha huchachushwa kutoa gesi, na gesi hutoa umeme na joto la nyumba. Ni kazi ya kampuni ya maji ya jiji, na mpango wenyewe unaitwa Hamburg Water Cycle. Nimeufurahia kwa dhati. Mahali palipojengwa kwa ajili ya vita pamepata akili ya kutunza maji, na familia za kutoka nchi nyingi zinaishi humo. Lakini mama anayesukuma kigari cha mtoto pale hana lazima ya kujua chochote juu ya Mahiwa, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji ndugu tangu mwaka 2010. Kiswahili kinafundishwa katika chuo kikuu cha jiji hili, na kilianza kufundishwa hapa enzi za Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908 kuwaandaa maafisa wa kututawala. Mwaka 2014 serikali ya jiji iliamua kwamba urithi wa kikoloni wa Hamburg uchunguzwe rasmi. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, penye kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha. Nililia siku ile. Nililia nikiwa kwenye basi, watu wakinitazama, na sikujali. Wamwera tulikuwamo katika Maji Maji, na misheni ya Nyangao iliteketea mwaka 1905. Kuomba msamaha Songea ni jambo kubwa. Jenfeld iko mlangoni mwao, hawana haja ya kupanda ndege.

Ninachotaka mimi kifanyike pale si kikubwa. Lango lifunguliwe. Jina la Tanzania liondolewe kwenye bustani hiyo hadi Watanzania wenyewe watakapoulizwa. Kando ya askari kuwe na habari ya Mohamed Husen, ili asiwepo mtu atakayesoma utii bila kusoma malipo yake. Kando ya wapagazi kuwe na habari za njaa. Na maandishi yote yawe kwa Kijerumani na kwa Kiswahili pia, kwa herufi za ukubwa uleule, maana wanaoonyeshwa ukutani walizungumza Kiswahili kambini na njiani, na wajukuu wao tunakisoma.

Ukitaka kwenda, panda treni ya U1 hadi Wandsbek Markt, kisha chukua basi la Jenfeld na uulize Wilsonstraße. Zunguka kwanza mabweni ya zamani, tazama kuta zake, ndipo uende kwenye bustani. Usiende peke yako kama ndiyo mara yako ya kwanza.

Na nina ombi kwa ndugu zangu wa Lindi, Mtwara, Ruvuma, Dodoma, Morogoro na popote vita vile vilipopita. Kama katika ukoo wenu kuna babu aliyeondoka na mzigo, waulizeni wazee waliobaki wangali hai: alichukuliwa kijiji gani, na jeshi la nani, alibeba nini, mara ya mwisho alionekana wapi. Niandikieni hata kama mnachokijua ni jina tu. Nimeanza daftari, na mstari wake wa kwanza ni wa babu wa bibi yangu: Nyangao, sanduku la risasi, kuelekea Ruvuma.